Mwacheni Mheshimiwa Ashuke Kwenye Benzi

Nina ombi kwa waandishi wenzangu wa Kiswahili na sitalizungusha: naomba Mercedes-Benz ipumzishwe.

Mnajua ninachozungumzia. Hadithi inaanza, kijiji kina vumbi, zahanati haina dawa, halafu ukurasa wa tatu linatokea Benzi jeusi lenye vioo vya giza. Linasimama. Dereva anazunguka mbio kufungua mlango. Kinatangulia kitambi, kisha mwenye nacho. Basi, kazi imeisha. Msomaji ameshaambiwa kwamba huyu ni fisadi, kwamba atamharibu binti wa mtu, kwamba hela za zahanati amezila yeye, na kwamba mwishoni atapata cha moto au hatapata, kutegemea mwandishi aliamka na hasira kiasi gani. Mwaka huu peke yake nimekutana na mheshimiwa huyu mara nne, katika kazi za waandishi wanne tofauti, na naapa kitambi ni kilekile.

Tatizo langu si uzee wa picha hiyo. Picha nyingi ni za zamani na bado zinafanya kazi. Tatizo ni kwamba Benzi la kwenye hadithi zetu limegeuka tangazo la bure. Anayelitukana na anayelitamani wameshakubaliana kwamba gari hilo maana yake ni ukubwa, na hilo ndilo jambo hasa ambalo kampuni yenyewe ingependa sote tuliamini. Wakati huohuo historia yake halisi, ambayo ina mambo ya kumtosha mwandishi maisha mazima, tumeiachia idara ya matangazo itusimulie.

Lakini kwanza tulipe neno haki yake. "Wabenzi" ni miongoni mwa maneno makali kabisa ambayo Kiswahili kimezaa tangu uhuru. Halikutungwa na baraza lolote la lugha. Lilizuka miaka ya 1960, Kenya na kwa majirani, watu walipoona kwamba waliorithi viti vya wakoloni hawakuchelewa kurithi na mwendo wao wa kifahari. Ukali wake uko kwenye kiambishi. "Wa-" ndiyo inayotupa Wakamba, Wahehe, Wadigo. Kwa herufi mbili tu mtaa ukatangaza kabila jipya, lisilo na kijiji wala tambiko, ambalo watu wake wametoka katika makabila yote na sasa wanafanana wao kwa wao kuliko wanavyofanana na mama zao. Wanasiasa walikuwa wanatuambia tumtazame jirani wa kabila la pili kwa jicho baya. Neno hili likajibu kwamba mtu wa kutazamwa yupo katika kila kabila, na anaendeshwa. Azimio la Arusha lilipokuja mwaka 1967 na kuwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, nyumba za kupangisha na hisa katika makampuni, lilikuwa linaandika kwa lugha ya chama jambo ambalo mtaa ulishalisema kwa neno moja.

Na waandishi wa wakati ule walijua kulitumia. Ngũgĩ wa Thiong'o ana hadithi fupi, "A Mercedes Funeral", katika mkusanyiko wa 1975. Fukara amekufa, wagombea wa kisiasa wanashindana nani atamzika kwa fahari zaidi, na mmoja analeta jeneza lenye umbo la Mercedes. Katika filamu ya Xala ya Sembène Ousmane, ya mwaka huohuo wa 1975, tajiri wa Dakar ana Mercedes inayohudumiwa kwa maji ya chupa kutoka ng'ambo, katika mji ambao maskini wanafukuzwa barabarani wasichafue mandhari. Tazama wanachofanya hawa wawili. Gari lao halisimami tu pale ukurasani kama bango. Linazikwa. Linanywa. Linafanya kitu ambacho hujawahi kuona gari likifanya, na hapo ndipo tabasamu lako linapokwama kooni. Sasa rudi kwa mheshimiwa wetu wa ukurasa wa tatu. Gari lake linafanya nini? Linang'aa. Kung'aa hata kipeperushi cha mauzo kinaweza.

Kama unadhani natia chumvi kuhusu tangazo la bure, mkumbuke Janis Joplin. Oktoba 1970, siku tatu kabla ya kifo chake, alirekodi bila ala yoyote wimbo mfupi ambamo anamuomba Mungu amnunulie Mercedes-Benz. Ni kejeli ya wazi, dhihaka kwa watu wanaodhani Mungu ni duka la mikopo. Mwaka 1995 kampuni ikauchukua wimbo huohuo na kuuweka kwenye tangazo lake la televisheni. Haikuhitaji kubadilisha kitu. Maana kejeli inayosema "watu wanalitamani mno gari hili" ni nusu hatua tu kutoka kwenye tangazo linalosema "watu wanalitamani mno gari hili". Hiyo nusu hatua kampuni ikaimalizia yenyewe, na mwimbaji hakuwepo tena kuulizwa.

Haya, historia. Wale wa upande wa pili, wapenzi wa gari, wanayo yao na huwa wanaisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp pamoja na semi za kutia moyo. Karl Benz alikuwa na ndoto, Gottlieb Daimler alikuwa na ndoto, wakafanya kazi kwa bidii, nyota ikang'aa, na wewe pia unaweza. Tuichambue kidogo.

Benz aliandikisha hataza ya gari lake la magurudumu matatu huko Mannheim tarehe 29 Januari 1886. Injini yake ilikuwa na nguvu isiyofika hata ya farasi mmoja. Daimler na Wilhelm Maybach walikuwa na lao, huko Cannstatt, na hawa watu hawakuwahi kufanya kazi pamoja. Kampuni zao ziliungana mwaka 1926, Daimler akiwa kaburini miaka 26. Kilichowezesha kazi ya Benz isife mapema ni hela ya mwanamke. Bertha Ringer alidai kwa wazazi wake, kabla hata ya harusi, mali aliyotengewa kwa ajili ya ndoa, akaitia kwenye karakana ya mchumba wake iliyokuwa inazama. (Kwao ni familia ya bibi iliyokuwa ikitoa. Siiti mahari, maana hapa tungeelewana vibaya.) Gari likatengenezwa, hataza ikatoka, na wanunuzi hawakuja. Mume alikuwa fundi mzuri na muuzaji hovyo.

Basi Agosti 1888 Bertha akawachukua wanawe wawili, Eugen na Richard, wakalitoa gari alfajiri bila kumwambia mwenye hataza, akaenda nalo kwao Pforzheim. Zaidi ya kilomita mia moja, kwenye njia za mikokoteni. Mafuta yakaisha, akanunua kemikali ya kuondolea madoa ya nguo kwenye duka la dawa la Wiesloch, kwa sababu ndiyo hiyo injini iliyokuwa ikinywa. Mrija wa mafuta ukaziba. Akauzibua kwa pini ya kofia. Waya ukachunika, akaufunga kwa mpira wa kushikia soksi. Breki za mbao zikaliwa. Akamtafuta fundi viatu azipigilie ngozi. Kwenye vilima watoto walishuka wakasukuma. Aliporudi, gari lilikuwa limeshaonekana na nusu ya mkoa, na mume alikuwa na orodha ya vitu vya kurekebisha.

Siku hizi kampuni inamsherehekea sana Bertha, filamu fupi za matangazo na kila kitu. Sawa. Lakini mimi nikisoma habari yake simwoni malaika wa ubunifu wanayemchora wao. Naona mtu ambaye hela zake zote zimefungwa kwenye chombo ambacho hakiuziki, ana watoto, na amechoka kusubiri. Mwanamke yeyote aliyewahi kumkopesha mume mtaji wa bodaboda atamwelewa haraka kuliko idara ya masoko. Na gari lile halikuwa na ukubwa wowote. Lilikuwa kioja kinachosukumwa na watoto. Mwanzo wa Benzi ni huo, na haumo kabisa kwenye hadithi zetu, kwa sababu hauna mahali pa kuweka kitambi.

Jina la "Mercedes" lina kisa chake. Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyeishi Nice na kuwauzia magari matajiri wa pwani ile, alikuwa akishiriki mashindano kwa jina la kubuni alilolitoa kwa binti yake. Mwaka 1900 aliagiza kwa Daimler magari 36 kwa mpigo, kwa hela nyingi sana wakati ule, kwa sharti kwamba yawe ya aina mpya na yaitwe kwa jina la mtoto huyo. Mwaka 1902 jina likasajiliwa kuwa alama ya biashara, na mwaka uliofuata baba mwenyewe akaongeza Mercedes kwenye jina lake la ukoo. Ni Kihispania, lina maana ya rehema. Binti aliyebeba rehema hizo alifariki mwaka 1929 akiwa na miaka 39.

Kuna jambo moja ambalo ningependa ulishike, kwa kuwa tunalihitaji sasa hivi. Baba yake Emil alikuwa Adolf Jellinek, rabi wa Vienna, mwanazuoni mkubwa wa Kiyahudi wa karne ya 19. Kwa hiyo jina lililo kwenye gari ni la mjukuu wa rabi.

Mwaka 1924 Adolf Hitler alikuwa jela ya Landsberg, anatayarisha kitabu chake. Kutoka humo alimwandikia Jakob Werlin, wakala wa magari ya Benz mjini Munich, kuhusu gari alilokuwa analitaka akitoka: bei ipungue, na malipo yasubiri hela ya maandishi yake. Mwandishi anayeomba punguzo kwa ahadi ya mirabaha ambayo haijaingia, wengi wetu tunamfahamu huyo mtu, ila huyu hakuishia kwenye madeni. Mwaka 1933 aliposhika dola, Werlin aliingia kwenye bodi ya Daimler-Benz. Kisha zikaja picha ambazo dunia nzima imeziona: mtu amesimama mbele ndani ya Mercedes kubwa ya wazi, mkono juu, umati umefura barabarani. Jina la mjukuu wa rabi linapita chini ya mkono ule.

Na hapo bado tuko kwenye picha. Kiwandani kulikuwa na hesabu nyingine. Daimler-Benz ilitengenezea ndege za kivita injini, malori, na mengineyo ya vita, na wanaume Wajerumani walipopelekwa jeshini, nafasi zao zilijazwa na watu waliotekwa. Takwimu ninayoitoa hapa ni ya kampuni yenyewe, haikutungwa na adui yake: mwaka 1944 ilikuwa na wafanyakazi 63,610, na karibu nusu yao walikuwa raia waliolazimishwa kazi kutoka nchi zilizokaliwa, wafungwa wa kivita, na wafungwa wa kambi za mateso. Huko Genshagen, kusini mwa Berlin, kwenye kiwanda cha injini za ndege, waliletwa wanawake zaidi ya elfu moja kutoka kambi ya Ravensbrück. Wanawake. Rudi kidogo kwa Bertha na pini yake ya kofia, halafu nenda Genshagen. Bertha mwenyewe alifariki Mei 1944, akiwa na miaka 95. Hizo hadithi mbili zilikuwa hai kwa wakati mmoja, katika nchi moja, chini ya nembo moja, na sijawahi kuziona zimewekwa kwenye ukurasa mmoja na wale wanaotutumia "historia ya mafanikio".

Ukweli ukachelewa kama kawaida yake. Ilifika 1986, miaka mia moja ya gari, ndipo kampuni ikatoa kitabu kuhusu miaka ile ya Wanazi kilichoandikwa na wanahistoria iliowapa kazi yenyewe. Watafiti wengine, wa taasisi ya historia ya jamii ya Hamburg, wakakiona kimepapasa tu suala la kazi ya shuruti, wakatoa chao mwaka 1987. Mwaka 1988 kampuni ikalipa marki milioni 20 kwa mashirika ya kuwasaidia waathirika. Mwaka 2000 ikawa miongoni mwa kampuni zilizoanzisha mfuko wa fidia pamoja na serikali ya Ujerumani. Ukimpigia hesabu msichana wa miaka 20 aliyekuwa Genshagen, mwaka huo wa 2000 ni bibi wa miaka 76, kama yupo.

Sasa najua jibu linalokuja, kwa sababu nimeshajibiwa hivyo mezani, na watu ninaowaheshimu. "Ndugu yangu, hayo ni ya Wajerumani. Sisi Benzi letu lina maana yake hapa kwetu, na fasihi inaandikia watu wa hapa." Hoja nzuri, na ingekuwa na nguvu kama wakubwa wa hapa bado wangekuwa wanapanda Benzi. Hebu chungulia dirishani. Msafara unaokupiga vumbi Dodoma ni wa Land Cruiser. Tanzania tumeshayapa hayo majina, mashangingi, na yanaitwa V8 hata na mtoto asiyejua V ni nini. Kodi yako imeegeshwa kwenye Toyota. Mwandishi anayemshusha mbunge wake kutoka kwenye Benzi jeusi mwaka huu hakumtazama mbunge, alimtazama mwandishi mwenzake wa 1980. Na Benzi lenyewe liko wapi? Moja liko gereji, mwenye nalo ni mwalimu mstaafu aliyeliagiza likiwa mtumba, anasubiri spea ambayo bei yake inazidi pensheni. Hiyo ni hadithi. Hiyo ningeisoma mpaka mwisho.

Hata nje ya hapa, alama hiyo haikuwahi kuwa moja. Ujerumani Mercedes ndiyo teksi ya kawaida. Morocco, kwa miongo kadhaa, teksi za kutoka mji hadi mji zilikuwa Mercedes za dizeli zilizochoka, abiria sita wamebanana na mizigo juu ya paa. Hapa lazima niwe muungwana: yale magari yalipendwa kwa sababu yalistahili. Aina ile inayoitwa W123, ya kati ya 1976 na 1986, yalitengenezwa karibu milioni 2.7, na mafundi wa Afrika wanalizungumzia kama wazee wanavyozungumzia ng'ombe fulani wa zamani. Mhandisi wao Béla Barényi ndiye aliyefikiri, kinyume na akili za wakati wake, kwamba sehemu za mbele na nyuma za gari zinapaswa kukunjika kirahisi ili chumba cha abiria kisikunjike. Tangu 1959 wazo hilo liko kwenye magari yao, na leo liko kwenye karibu kila gari, pamoja na lako. Breki za kielektroniki zisizofunga magurudumu waliziweka kwenye S-Class mwaka 1978. Kuna watu wanaishi leo kwa sababu ya wahandisi wa Stuttgart, na siwezi kulifuta hilo kwa kuwa linaniharibia makala.

Ila mvuto mwingine wote, ule unaoitwa heshima, ulijengwa kwa mkono na kwa makusudi. Chukua ile 600, gari kubwa la 1963 hadi 1981, madirisha na viti vikisukumwa kwa mfumo wa mafuta ya shinikizo. Yalitengenezwa 2,677 tu. Tito alikuwa nalo, Idi Amin alikuwa nalo, John Lennon alikuwa nalo, Elvis Presley alikuwa nalo. Huwezi kupata itikadi inayowaunganisha watu hao. Kinachowaunganisha ni kwamba waliuziwa kitu kilekile, hisia ya kutokuwa na mkubwa juu yao.

Kwa mwanahabari kama mimi, kisa kitamu zaidi ni cha Oktoba 1997. Kampuni ilikuwa imetoa gari dogo, A-Class. Waandishi wa jarida la magari la Sweden wakalijaribu kwa zoezi la kukwepa kitu ghafla barabarani, kwao huwa ni mnyama aina ya kongoni mkubwa wa misitu ya baridi, na gari likapinduka. Kampuni ikaanza kwa kukanusha. Wiki chache baadaye ikasimamisha mauzo na kuyawekea magari yote kifaa cha kudhibiti uthabiti. Waandishi wa jarida, na uwanja wa majaribio. Hawakulitukana gari wala kuliabudu, waliligeuza kona kwa kasi. Nadhani hadithi fupi ingeweza kujifunza kitu hapo.

Nimeacha la vitabu mwisho kwa kuwa hili linatuhusu moja kwa moja, sisi tunaopoteza macho kwa kusoma. Mwaka 2010, mbele ya mamlaka za Marekani, Daimler ilikubali kulipa dola milioni 185 kumaliza mashtaka ya kuwahonga maofisa wa serikali katika nchi zisizopungua 22. Katika karatasi za kesi hiyo kuna Turkmenistan. Ofisa mmoja wa ngazi ya juu kabisa huko, ambaye karatasi hazikumtaja jina, alipewa kwa siku yake ya kuzaliwa S-Class isiyopenya risasi, ya zaidi ya euro 300,000. Hiyo ni rushwa ya kawaida, tumezoea. Lakini soma mbele: kampuni pia iligharamia kitabu cha ofisa huyo, chenye falsafa yake binafsi, kitafsiriwe kwa Kijerumani na kuchapwa nakala 10,000.

Mtu yeyote anayejua Turkmenistan ya miaka ile anajua ni kitabu gani. Rais Saparmurat Niyazov alikifanya kisomwe hadi kwenye mtihani wa leseni ya udereva. Kampuni ya magari ikawa mchapishaji. Nakala elfu kumi, tafsiri imelipiwa, na hakuna aliyesumbuliwa kuuliza wasomaji wako wapi. Kuna washairi wa Kiswahili wanaokufa na miswada chini ya godoro, na hapa kuna mtu ambaye nyota ya Stuttgart ilimtafutia wasomaji kwa lugha ya Goethe ili anunue malori. Nikikutana na riwaya ya Kiswahili kuhusu mfasiri aliyepewa kazi ile, anakaa usiku kutafuta neno zuri la Kijerumani kwa upuuzi wa dikteta, anajua nani analipa, na kodi ya nyumba inamsubiri, nitainunua kwa bei yoyote. Humo ndani mna Benzi kuliko kwenye vitambi vyote vya ukurasa wa tatu.

Na kama mnataka cha hapahapa, kipo, tena cha zamani kuliko uhuru. Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa wa jeshi la Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari akitaka kuivuka Afrika hadi Swakopmund, kwenye Atlantiki. Alifika tarehe 1 Mei 1909, siku 630 baadaye, na vitabu vya Ulaya vinamhesabu kuwa mtu wa kwanza kufanya hivyo. Gari lilitoka kiwanda cha Gaggenau, ambacho mwaka 1910 kilimezwa na Benz. Kiwanda hicho bado ni cha familia ya nyota hadi leo. Sasa zingatia mwaka. Vita vya Maji Maji ndiyo vilikuwa vinazimwa, kusini kumeungua, mazao yameteketezwa kwa makusudi, watu wanakufa njaa. Katika nchi hiyohiyo, mwaka huohuo, gari likaondoka pwani kwa shangwe.

Gari halitembei bila mafuta, na mafuta yaliwekwa njiani kabla yake. Reli ya kati ndiyo kwanza ilikuwa inafika Morogoro. Kutoka hapo kwenda ndani mzigo ulikwenda kwa njia ileile ya miaka yote, kichwani mwa mtu. Kwa hiyo kulikuwa na mtu, Mnyamwezi pengine, au Mgogo, aliyetembea siku kadhaa na debe la petroli kichwani, likimvuja shingoni na kumwasha ngozi, akilifikisha mahali fulani porini kwa ajili ya chombo ambacho hajawahi kukiona na hakuna aliyemweleza ni nini. Alilitua, akapumzika, akaondoka. Sijui kama alisubiri kuliona. Jina lake halimo kwenye kitabu chochote cha Graetz wala cha kampuni, na kwenye riwaya zetu bado hajatokea hata mara moja, kwa sababu gari likifika tunamtazama anayeshuka.